Hardin alisahau kwamba maji hushuka

Mwaka 1968 Garrett Hardin alichapisha makala kwenye jarida la Science, na hadi leo wanafunzi wanaisoma kama msahafu. Hoja yake ni hii: malisho ya wote huharibika, maana mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida ni yake peke yake, hasara ni ya wote. Dawa? Mpe mtu binafsi amiliki, au serikali isimamie.

Sasa tuilete hoja hiyo huku Kasumulu, bondeni. Juu yetu, Rungwe, kuna mashamba makubwa ya chai. Mito kama Kiwira na Mbaka inatoka huko, inapita kwenye mpunga wa Kyela, inaingia Ziwa Nyasa. Chai ikifunika ardhi vizuri, udongo unatulia. Lakini mwenye shamba akifyeka kingo za mto, faida anabaki nayo juu, matope yanamfikia mkulima chini. Umeona? Ni ng'ombe yuleyule wa Hardin, ila sasa ana hati.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, lakini kila siku nani anapima?

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel 2009, alionyesha kuwa watumiaji wenyewe wanaweza kutunga kanuni na kulindana. Kwa hiyo mwenye chai na mkulima wa mpunga wakae jumuiya moja ya watumia maji. Ukimsoma Hardin, muulize: hasara inaishia kwa nani?