"Mpira" Usio Mpira

Fundi wa magari wa Shanwe, Mpanda, huita "mpira" kile kifuniko laini chenye mikunjo kikingacho kiungo cha ekseli. Jina hilo lapotosha. Mpira uliokwisha kupikwa na salfa hauyeyuki tena. Bali vifuniko vingi vya siku hizi ni vya plastiki nyumbufu, iliyoyeyushwa, ikadungwa kalibuni kuuzunguka ufito wa chuma, kisha ikahamishiwa kalibu ya pili na kupulizwa hewa hata ikaijaza mikunjo. Chakavu chake chaweza kuyeyushwa upya. Cha mpira hakiwezi. Jina moja lamficha fundi tofauti hiyo. Wahunzi wametuachia "mvukuto", chombo kijikunjacho kwa pumzi. Heri basi kusema "mvukuto wa plastiki" na "mvukuto wa mpira".