Kicheko cha Mnyonge: Uhakiki wa Tawasifu ya Trevor Noah

Katika jamii nyingi mchekeshaji hupendwa lakini haheshimiwi. Watu humwalika arusini na katika sherehe za shule, wakacheka hadi machozi yakawatoka, kisha wakarudi makwao wakisema kwamba bwana yule ana kipaji cha upuuzi. Hata katika madarasa ya fasihi, tanzia hupewa vipindi vingi na futuhi hupitiwa juu juu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kuhakiki tawasifu ya mchekeshaji mmoja wa Afrika Kusini, kwamba kicheko chaweza kubeba historia ya watu walioonewa, na kwamba chaweza vilevile kuificha sehemu ya historia hiyo.

Kitabu chenyewe ni Born a Crime cha Trevor Noah, kilichochapishwa mwaka 2016. Jina hilo, lenye maana ya kuzaliwa kukiwa jinai, limetokana na maisha yenyewe. Mwandishi alizaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984, mama yake akiwa Mxhosa na baba yake Mzungu wa Uswisi. Sheria ya mwaka 1927, ambayo maneno yake yamewekwa mwanzoni mwa kitabu, ilikataza Mzungu na Mwafrika kujuana kimwili; adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 5 kwa mwanamume na miaka 4 kwa mwanamke. Katazo hilo halikufutwa hadi mwaka 1985. Basi mtoto huyu, kwa rangi ya ngozi yake tu, alikuwa ushahidi dhidi ya wazazi wake. Kwa bibi yake huko Soweto alifungiwa ndani ya ua asionekane. Walipotoka mjini, mama yake alimtafuta mwanamke chotara amshike mkono kama mzazi, na yeye mwenyewe akafuata nyuma kama mtumishi wa nyumbani.

Msomaji anayetarajia kusimuliwa jinsi mchekeshaji alivyopanda jukwaa baada ya jukwaa, hadi akakabidhiwa mwaka 2015 kipindi mashuhuri cha televisheni ya Marekani, The Daily Show, alichokiongoza hadi mwaka 2022, atashangaa. Jukwaa linaonekana kwa mbali tu. Anayekitawala kitabu ni mama, Patricia Nombuyiselo Noah. Huyu alipelekwa Transkei akiwa na umri wa miaka 9, akaishi katika kibanda kimoja na binamu 14, akaijua njaa na jembe. Alipokua alijifunza kazi ya ukarani na upigaji chapa, wakati ambapo Mwafrika hakutazamiwa kushika kazi hiyo. Mwanawe alimpa jina lisilo na maana yoyote katika lugha za nchi yao, ili asije akafungwa na jina. Kwa maoni yetu, mwandishi amemweka mama mbele kwa sababu anajua kwamba hapo ndipo sanaa yake ilipofunzwa.

Dhamira ya pili kwa uzito ni lugha. Watawala wa ubaguzi wa rangi waliwagawa Waafrika kwa makabila, wakawafundisha kila kabila kwa lugha yake ili wasipate sauti moja. Trevor alikua akisema lugha kadhaa, na kila moja ikawa ngao yake. Siku moja vijana waliokuwa wakimfuata nyuma walipanga kwa Kizulu namna ya kumpora, wakidhani hawaelewi. Akageuka, akawaambia kwa Kizulu hichohicho kwamba afadhali waungane wakampore mtu mwingine. Wakamwomba radhi. Tukio hili linachekesha, lakini ndani yake umo mzizi wa kazi yake yote: mchekeshaji huyu alilazimika kusikiliza kabla hajathubutu kusema. Msomaji wa Tanzania, aliyelelewa katika nchi ambamo makabila zaidi ya 120 yaliunganishwa na Kiswahili, atauona vizuri uovu wa siasa iliyoigeuza lugha kuwa ukuta.

Kwa upande wa fani, kila sura inatanguliwa na maelezo mafupi kuhusu nchi na sheria zake, ndipo kisa kikafuata. Mpango huu unafaa sana, kwani msomaji hucheka akiwa tayari anajua gharama ya kicheko. Katika sura ya kwanza mama anamsukuma mwanawe kutoka katika basi dogo linalokwenda, kisha naye anaruka na mtoto mchanga mikononi, kwa kuwa dereva amewatishia maisha. Mwishowe mama na mwana wanacheka, huku damu na vumbi vimewajaa. Hofu haikuondoka ndipo kicheko kikaja, vimekaa pamoja.

Jambo hili linafikia kilele katika sura ya mwisho. Mwaka 2009 baba wa kambo alimpiga mama risasi ya kichwa, naye akanusurika. Siku chache baadaye, kitandani hospitalini, alimwambia mwanawe aliyekuwa akilia kwamba sasa mzuri wa sura katika familia ni yeye. Sisi tuliozoea utani hatutaliona neno hili kuwa ukatili. Mtani huingia msibani, akamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakapata nguvu ya kusimama. Tofauti ni kwamba mtani huchekesha kwa haki aliyopewa na jamii, ilhali mama huyu aliutania msiba wake mwenyewe, peke yake.

Na upweke huo ndio kasoro ya kitabu. Ubaguzi unaonekana ukikwepwa kwa werevu wa mtu mmoja mmoja. Mapambano ya umma yanabaki nyuma ya pazia. Ni kweli kwamba mwandishi alikuwa na miaka 10 tu ulipofanyika uchaguzi wa mwaka 1994. Lakini aliyeandika ni mtu mzima. Msomaji anayekumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994, atauliza wako wapi wale walioibomoa sheria aliyoikwepa mama. Isitoshe, kitabu kinachosifu nguvu ya lugha za Kiafrika kimeandikwa kwa Kiingereza, na vijana wale wa Kizulu wanatufikia kwa ulimi wa mgeni.

Pamoja na hayo, tunakipendekeza kwa walimu wa sekondari. Kisomwe sambamba na Maisha Yangu ya Shaaban Robert, ili wanafunzi wapime njia mbili za mtu kujisimulia: mmoja akiegemea wasia na mwingine mzaha. Tena kitukumbushe deni letu. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kama King Majuto, alifariki mwaka 2018 baada ya kuwachekesha Watanzania kwa miongo mingi. Maisha ya wasanii wa namna yake yanastahili kuandikwa kwa Kiswahili, wakiwa hai na wakiweza kusahihisha tunayoyasema juu yao. Taifa lisilojua lilichekea nini wakati wa shida, halijaijua bado shida yake.