Waridi la Tupac na madaftari ya vijana wetu

Kwenye steji ya bodaboda ya Kamukuywa, kando ya barabara ya kwenda Kitale, nilimkuta kijana aliyevaa fulana yenye picha ya Tupac Shakur. Nikamuuliza kama ajua kwamba huyo alikuwa mshairi. Akacheka. "Prof, huyo alikuwa rapa, bana!"

Simlaumu. Tupac aliuawa kwa risasi Las Vegas mnamo Septemba 1996, akiwa na miaka 25, na dunia ikabaki na kanda zake. Diwani yake, The Rose That Grew from Concrete, yaani waridi lililoota kwenye zege, ilitoka mwaka 1999. Mashairi yenyewe aliyatunga kati ya 1989 na 1991, kabla hajawa nyota.

Je, ni mashairi mazuri? Nitasema kweli japo mashabiki waninunie: mengi ni machanga. Yale ya mapenzi yanarudiarudia kilio kilekile, na vina vingine vimeburutwa kwa nguvu. Lakini kuna lile la Nelson Mandela, kuna lile la mchoraji Vincent van Gogh, na kuna lile analowazia kifo chake mwenyewe. Watu husema alijitabiria. Mimi nadhani kijana mweusi aliyekulia katika ufukara mijini Marekani hakuhitaji utabiri. Alihitaji macho tu.

Na macho yamo. Kila shairi limechapishwa pamoja na mwandiko wake. Anaandika tarakimu 2 badala ya neno zima, na palipo na "mimi" anachora jicho, kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawa. Kwa hivyo kila ajitajapo, anatutazama. Sisi walimu tukiona "xaxa" badala ya "sasa" hukimbilia kalamu nyekundu. Sisemi tuiruhusu kwenye insha ya mtihani, la hasha. Nasema tuulize kwanza mtoto anacheza na nini.

Swali gumu ni hili: ni haki kumchapishia marehemu maandishi ambayo yeye hakuyachapisha? Utaniambia Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikachapishwa na Hichens mwaka 1940, wala hatulalamiki. Kweli, ila tungo za Muyaka zilikuwa zimeshaenea vinywani mwa watu. Za Tupac zilikuwa siri ya daftari. Kinachoniridhisha ni kwamba mamake, Afeni Shakur, aliridhia na kuandika utangulizi, na kwamba hakuna aliyemsahihisha marehemu ili aonekane bingwa. Uchanga wake umeachwa uchanga.

Nami nilikuwa na daftari la mashairi nikiwa shuleni. Mwalimu mmoja alilichukua, akasema napoteza muda wa hesabu, na sikuliona tena. Pengine yalikuwa mabovu. Lakini ningependa leo kujua yalikuwa mabovu kiasi gani.

Mzazi, mwalimu, ukilikuta daftari la namna hiyo chini ya godoro, lirudishe ulipolitoa. Yule kijana wa Kamukuywa nilipomwambia habari za diwani hii, aliacha kucheka. Akaniuliza polepole, "Kwani rap inaweza kuwa kitabu?" Inaweza, mwanangu.