Mzee Ojwang' na Waliomlilia

Tarehe 12 Julai 2015, Benson Wanjau aliaga dunia mjini Nairobi, na Kenya ikamlilia Mzee Ojwang'. Jina la kwanza lilikuwa la mtu. La pili lilikuwa la mchezo. Je, msomaji, waombolezaji walimlilia yupi?

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi, mchezo wa televisheni ya taifa, aliigiza mzee wa Kijaluo, mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo hata watazamaji wengi wakaamini kuwa alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria.

Kazi hiyo ina hatari yake. Kuiga matamshi ya kabila jingine ni rahisi, na mara nyingi huishia katika dhihaka. Mwigizaji dhaifu huichukua lafudhi akamsahau mtu. Wanjau alianza na mtu: mzee mwenye majivuno, mwepesi wa hasira, anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Mzee wa namna hiyo si wa kabila moja. Yumo katika kila kijiji. Aliyemcheka alimcheka baba yake, jirani yake, na nafsi yake pia.

Basi waombolezaji walimlilia mtu wa nyumbani kwao. Nawe usimpime mwigizaji kwa wingi wa vicheko peke yake. Jiulize kama yule anayeigwa angeweza kuketi miongoni mwa watazamaji, naye akacheka bila ya kuona haya. Kwa kipimo hicho, Wanjau alikuwa fundi.