Safari za Makampuni na Safari za Wakulima

Wanafunzi wa itikadi wamezoea kuuchambua ubepari shambani, kiwandani na benki. Ni mara chache wanauchambua njiani. Lakini safari nayo ina bei, na ina mtu anayeilipia. Makala haya yanahakiki aina moja ya kampuni: ile isiyomiliki ndege wala meli, ambayo kazi yake ni kusimamia safari za kikazi za makampuni makubwa duniani.

Kampuni kubwa ya aina hii ni American Express Global Business Travel. Iliundwa mwaka 2014, ikainunua Egencia mwaka 2021, ikaingia katika soko la hisa la New York mwaka 2022, na mwaka 2025 ikammeza mshindani wake, CWT. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilifungua kesi kupinga ununuzi huo, Julai ikaiondoa. Ndio mwendo wa ubepari: huhubiri ushindani na kuishia katika ukiritimba. Wala biashara hii haikuzaliwa katika utalii tu. Mwaka 1884 wakala Thomas Cook alipewa kandarasi na Serikali ya Uingereza kusafirisha majeshi juu ya mto Nile kwenda Sudan. Tangu mwanzo, wakala wa safari alikuwa mtumishi wa ubeberu.

Je, kampuni hii hufanya nini hasa? Kwanza, hukusanya safari za maelfu ya wafanyakazi wa wateja wake kuwa fungu moja, kisha huyaendea mashirika ya ndege na hoteli kudai bei nafuu. Ndugu, huo ni ushirika! Hapa ndipo penye mgongano. Katika miaka ya 1990, soko huria lilipoingia, mkulima wa kahawa wa Mbinga aliambiwa kwamba kuuza peke yake kwa mnunuzi binafsi ndio uhuru. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaporomoka. Kumbe mabepari wenyewe, wanaponunua hata tiketi, hawaendi mmoja mmoja. Wanajua nguvu ya umoja. Wasilolipenda ni umoja wa wakulima.

Pili, wakala huyu ana mabwana wawili. Zamani alilipwa kamisheni na mashirika ya ndege. Mashirika ya Marekani yalianza kuipunguza mwaka 1995, na kufikia mwaka 2002 makubwa yao yalikuwa yameacha kulipa kamisheni ya kawaida. Sasa humtoza mteja ada, huku akiendelea kupokea malipo kutoka kwa wauzaji wa safari na mitandao ya kompyuta ya kukatia tiketi. Anayelipwa na mnunuzi na pia na muuzaji hawezi kusema anamtetea mmoja wao.

Tatu, hujua kila msafiri wa mteja wake yuko wapi na amelala hoteli gani, ili likitokea balaa atafutwe. Jambo hili ni jema, na tusilibeze kwa kuwa limefanywa na mabepari. Tujiulize ni nani anayemhesabu mama muuza dagaa anayepanda boti ya mbao kutoka Liuli kwenda Mbamba Bay. Septemba 2018, katika Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilichojengwa kwa abiria 101 kilizama na kuua zaidi ya watu 220; idadi kamili ya waliopanda haikujulikana. Mwaka 2021 MV Mbeya II ilianza kazi katika Ziwa Nyasa, na lami imeshafika Mbamba Bay kutoka Mbinga, kilometa 66. Hayo ni maendeleo. Lakini meli isiyo na orodha ya abiria bado inamhesabu mwananchi kuwa mzigo.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu na wanunuzi lazima wasafiri. Ni kweli, kahawa isiyo na mnunuzi haina bei. Lakini gharama ya safari ya mnunuzi kutoka Ulaya hadi Mbinga huingizwa katika hesabu zake kabla hajataja bei. Nauli ya mkulima kutoka kijijini haiingizwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Basi makada wana kazi tatu. Kuimarisha vyama vya msingi, ili wakulima wauze na kununua pembejeo kwa fungu moja. Kudai orodha ya abiria katika kila chombo kinachoondoka ufukoni. Na kujihakiki wenyewe. Novemba 2015 Serikali ilizuia safari za nje za watumishi isipokuwa kwa kibali cha Ikulu. Kibali hupunguza idadi ya safari. Hakimfanyi msafiri awajibike. Kiongozi anayesafiri kwa fedha za umma, awe anakwenda Geneva au Songea, anaporudi asimame mbele ya wanachama waliomlipia, aeleze alichokifuata, alichokipata, na kilichotumika.