Pongezi kwa Mafundi wa Spika za Tarumbeta

Mto Nzoia unapovunja kingo Budalang'i, magharibi mwa Kenya, habari lazima zimfikie kila mtu haraka. Bulala FM, redio ya jamii, hutangaza tahadhari. Asiye na redio hutegemea spika ya tarumbeta iliyofungwa juu ya msikiti, kanisa au gari la matangazo.

Nyuma ya sauti hiyo yuko fundi wa jua kali. Hufungua kichwa cha spika, hutoa diaframu iliyopasuka au koili iliyoungua, husafisha kutu kwenye mwanya wa sumaku, hupima kwa mita, kisha huziba mvua isiingie.

Anaokoa chombo cha thamani. Spika ya kawaida hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Tarumbeta nzuri hupita asilimia 10. Ndiyo maana miaka ya 1930 amplifaya za valvu zenye wati chache zilitosha kumbi za sinema, na leo betri ya gari yatosha kuamsha kijiji.

Mafundi hawa wanastahili heshima na malipo ya haki. Viongozi wa vijiji, wapelekeeni spika zenu wazikague kabla ya masika.