Mazimwi ya Kichina na Masala Kulangwa

Mwalimu afundishaye Mkula, au popote kati ya Ghuba ya Speke na nyika za Bariadi, hukutana mapema na zimwi Shing'weng'we, kwa maana watoto humjua kabla hawajajua kusoma. Si wengi wajuao kwamba Wachina nao waliandika habari za mazimwi, mizuka, na mbweha wajigeuzao wanawake, kwa muda wa miaka elfu na mia tano na zaidi.

Wa kale katika waandishi hao ni Gan Bao, mtunza tarehe wa wafalme wa Jin katika karne ya 4, aliyekusanya habari hizo ili kuthibitisha kwamba mizuka si uwongo. Maneno yake ni mafupi na makavu, kama daftari ya karani. Lakini mkuu wao ni Pu Songling (1640–1715) wa Shandong, aliyeshindwa mara nyingi katika mitihani ya serikali, akaishi kwa kufundisha watoto wa tajiri. Kitabu chake chenye hadithi karibu 500 kilipigwa chapa mwaka 1766, naye amekwisha kufa. Herbert Giles alifasiri 164 kwa Kiingereza mwaka 1880, akiyaficha yale aliyoona hayana adabu. Basi amsomaye Pu Songling kwa Giles humsoma aliyekwisha kuoshwa uso.

Twaa hadithi ya ngozi iliyopakwa rangi. Bwana Wang amkuta binti njiani alfajiri, amficha nyumbani mwake. Siku moja achungulia dirishani, aona zimwi la uso wa kijani limetandaza ngozi ya mtu kitandani, lalipaka rangi, kisha lajivika, nalo ni binti tena. Kuhani ampa usinga autundike mlangoni. Zimwi laurarua, lampasua Wang kifua, lamtoa moyo. Mkewe aenda kwa mwombaji kichaa sokoni, naye amlazimisha kumeza kohozi lake mbele ya watu. Arudi nyumbani akilia, na alipouinamia maiti, kile alichomeza chamtoka kooni, chaanguka kifuani mwa mumewe: ni moyo, nao wapiga.

Hapo pana ufundi ambao hatujauona kwa Gan Bao. La kutisha si zimwi, bali ni ule utulivu wake akipaka rangi, kama fundi kazini. Mwishoni Pu Songling huongeza neno lake, kwamba atamaniye wanawake wa wengine hustahili mkewe kulishwa kohozi. Neno hilo twaliona dogo kuliko hadithi yenyewe. Aliyekosa ni mume, na aliyelipa ni mke. Hadithi yatuonyesha dhuluma hiyo waziwazi, mwandishi apita juu yake.

Ji Yun (1724–1805), mwanachuoni mkuu wa serikali, alimlaumu kwa sababu nyingine. Aliuliza: maneno ya siri ya wawili chumbani, mwandishi aliyasikia lini? Yeye mwenyewe aliandika habari za mizuka, ila kama zilivyosimuliwa na watu. Kwetu sisi swali hilo halimdhuru Pu Songling hata kidogo, maana mtunzi si shahidi. Lakini ni swali jema mno likiondolewa vitabuni na kupelekwa kijijini. Usukumani huvuma habari kwamba fulani hakufa, bali amefanywa msukule, alimishwa mashamba ya mchawi usiku. Nani aliyemwona? Mara nyingi jibu ni macho mekundu ya bibi kizee, na sote twajua moshi wa samadi na kuni ufanyavyo macho. Sheria ya uchawi ilitungwa mwaka 1928, na hata hivyo vikongwe wengi wameuawa katika nchi hii kwa ushahidi wa namna hiyo.

Wako wasemao, basi hadithi za mazimwi zisisimuliwe shuleni. Hatukubali, na hoja yetu ni Masala Kulangwa. Shing'weng'we amewameza watu wote na ng'ombe, amebaki mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha. Mtoto akua, akamata panzi, auliza, "Mama, ndiye huyu?" Siye. Aleta mnyama baada ya mnyama, hata alipata zimwi, aliua, alipasua, na watu watoka. Wasomaji wetu waijua sehemu hiyo, na wahubiri wameitumia sana, wakimfananisha kijana na Mwokozi. Wengi huishia hapo. Lakini kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akakasirika, akataka kumdhuru kwa uchawi. Yeye hakumwita mchawi mbele ya watu. Alitafuta dawa, akamponya sikio.

Mchina angeikata hadithi pale zimwi lilipokufa, au angempa kuhani kumchoma kizee moto pia. Msukuma aliona jeraha, akalitia katika hesabu. Mwalimu aisimuliapo darasani asiruke sikio hilo, wala asiharakishe apatapo, hata kengele ikilia.